Sabuni Imenishinda

Nyie mnaonunua sabuni ya kipande dukani kwa Mangi mnaishi raha, hamjui tu. Ya kwangu inaitwa DDM. Inalala kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri. Kikopo chake ukikiangusha hapa maabara, Ujerumani, heri ungeanguka wewe. Na haifui hata soksi.

Kazi yenyewe iko hivi. Kuna protini zinaishi kwenye utando wa seli, zimezama kwenye mafuta. Ukizitia kwenye maji matupu zinagandana, kwisha habari yake. Basi unazitoa kwa sabuni, sabuni inazizunguka. Halafu bosi anataka zijipange mistari ziwe fuwele, tuzipige eksirei tuone umbo lake. Zitajipangaje? Ni kama watu waliovaa makoti ya baridi: unadhani umemkumbatia mwenzako, kumbe umekumbatia pamba.

Bosi anasema, punguza sabuni. Kusema rahisi! DDM kwenye maji inajikusanya mafungu, na fungu moja lina uzito wa kama daltoni 70,000. Kichujio nilichopewa kukolezea protini kinazuia kuanzia 50,000. Maji yanapita, protini inabaki, na sabuni nayo inabaki, imetulia kama baba mwenye nyumba. Kila nikikoleza protini nakoleza na sabuni. Hakuna aliyeniambia. Wote walidhani najua. Ningejulia wapi mimi?

Asubuhi nachungulia kwenye darubini. Mafuta! Vitone vitupu vinaelea. Sabuni imekutana na PEG, kemikali tunayoongeza ili fuwele ziote, imejitenga na maji.

Nikahamia sabuni nyingine, OG. Mafungu yake madogo, mazuri. Ila ni kali, halafu mlafi: DDM inatosheka na kama asilimia 0.009 tu kujikusanya, OG inataka karibu asilimia 0.7. Protini yangu haikuaga. Ikawa mashapo meupe chini ya chupa.

Halafu, jamani, fuwele zikatokea! Zinang'aa, kona kali. Nikazipiga picha, nikamtumia mama. Mama akairusha kwenye grupu la ukoo. Binamu akauliza kilo wananunuaje. Maabara nzima ikaja, mmoja na kikombe chake cha kahawa. Wakazimulika kwa mwanga wa UV. Protini yenye triptofani huwaka. Zangu giza, kama mtaa uliokatiwa umeme. Dogo wa mwaka wa kwanza, hata ndevu hana, akazigusa kwa sindano, akasema kwa sauti ya kwenye msiba: "Ni sabuni, kaka." Angecheka ningeelewa. Alinionea huruma.

Wananiambia nivumilie, eti Hartmut Michel, Mjerumani wa huku huku, alitumia sabuni ya LDAO, akaongeza kimolekuli kidogo cha kupunguza ukubwa wa mafungu. Fuwele zake za protini ya bakteria wa usanisinuru alizitangaza 1982, na mwaka 1988 yeye, Deisenhofer na Huber wakabeba Nobel ya kemia. Na mimi nikaongeza hicho hicho. Nimepata mafuta. Safari hii mengi zaidi.

Basi mwenye kichujio cha daltoni laki moja ambacho hakitumii, naomba aniazime. Bosi kasema hanunui kingine mpaka Januari. Na binamu akikuuliza bei ya fuwele, mwambie soko limefungwa.