Muulize Shangazi: Kero za Watembeao Appalachian Trail

Shikamoo Shangazi. Nimeanza safari ya Appalachian Trail pale Springer Mountain, Georgia, Marekani, naelekea mlima Katahdin kule Maine. Begi langu lina kilo 26, kiti cha kukunja kikiwemo, na magoti yameanza kunisema. Nipunguze nini?
— Mzigo Mzito

Marahaba, mwanangu. Una majimbo 14 mbele yako, kilomita kama 3,500, nawe umebeba kiti cha kukunja! Mwaka 1955 Emma Gatewood, bibi wa miaka 67, mama wa watoto 11, aliimaliza njia hiyo peke yake. Alivaa raba, akatupia begani mfuko aliojishonea, na mvua ikija alijifunika pazia la bafuni. Hema hakuwa nalo. Mwaka 1957 akarudia, maana wengine hawachoki. Sikuambii ulale chini ya pazia, lakini kile kiti hapana. Ukifika Neel Gap, kama kilomita 50 kutoka ulikoanzia, njia inapita katikati ya jengo lenye duka la vifaa. Waombe wakukague begi. Watalimwaga lote mbele ya watu, uone haya, kisha utume makorokoro nyumbani kwa posta.

Shangazi, nalala kwenye vibanda vya njiani. Jirani anakoroma, na panya wametoboa begi langu.
— Macho Makavu

Kibanda chenye kuta tatu unakiita nyumba? Panya ndio wenyeji hapo, wewe mpangaji wa usiku mmoja. Chakula kitundike mtini, mbali na unapolala, kwa sababu dubu naye ana pua. Huyo mkoromaji hana dawa. Piga hema lako mbali. Na kwa kuwa mnashika daftari moja la wageni na choo kimoja, nawa kwa sabuni na maji. Jeli ya mikono haifui dafu mbele ya norovirusi, na kuhara porini ni aibu isiyo na mlango.

Wenzangu njiani wamenipa jina la utani, "Vijiko Viwili". Silipendi jina hili.
— Mimi

Likatae leo leo. Likishaandikwa kwenye daftari la kibanda kijacho, ndilo lako hadi Maine.

Shikamoo Shangazi. Mume wangu kafika Pennsylvania, karibu na nusu ya njia, kanitumia picha: kala aiskrimu karibu lita mbili kwa mkao mmoja! Nyumbani alikuwa hagusi sukari. Karogwa?
— Mke Mwenye Wasiwasi

Marahaba. Hakurogwa. Pale Pine Grove Furnace, hukohuko aliko, kula hivyo ndiyo desturi ya wapitao. Anayepanda na kushuka milima kutwa nzima hawezi kubeba chakula cha kumtosha, basi akikuta duka hana breki. Mwache ale, mawe ya Pennsylvania yanamsubiri. Wewe jiandae atakaporudi: miguu itapumzika, lakini tumbo litachelewa kupata taarifa. Tafuta sufuria kubwa. Na vile viatu vyake vya ofisini mpe shemeji yako, mguu huenda ukarudi umepanuka.