Masomo ya Mbali, Majirani wa Karibu

Fomu ya kuomba nafasi kwenye masta ya intaneti huuliza mambo matatu kabla hata haijauliza umesoma nini. Una kompyuta yako mwenyewe? Una intaneti isiyokatika? Una mahali tulivu pa kusomea? Mtu wa Wagenia hawezi kujibu "ndiyo" mara tatu mfululizo bila kwenda kuungama Jumamosi. Ningeandika "inategemea," ila fomu haikuwa na kisanduku cha "inategemea," na kile cha "hapana" kilifunga ukurasa papo hapo. Nikajibu "ndiyo" mara tatu.

Tuanze na utulivu. Kijiji chetu cha Wagenia kiko Kisangani, kando ya maporomoko ya Boyoma, yale ambayo Wabelgiji waliyaita ya Stanley. Ni maporomoko saba yanayofuatana kwa zaidi ya kilomita 100 tangu Ubundu, na la mwisho ndilo letu. Mto Kongo mzima hupita hapo ukigomba usiku na mchana. Aliyezaliwa hapa hausikii tena. Mkufunzi wangu aliyeko Ulaya aliusikia tangu salamu ya kwanza. "Huko kwako mvua inanyesha?" Nikamwambia si mvua, ni mto. Wiki iliyofuata akaniuliza tena kama mvua haijaacha, akanipa pole. Wenzangu wa Dakar, Cotonou na Antananarivo wakaishia kuniita Bwana Mvua, na mpaka tunamaliza hakuna aliyejua kwamba kwetu kuna jua.

Fundi wa chuo akanishauri niwashe programu ya kuondoa kelele. Sasa, sisi Wagenia tumejifunza kuzungumza tukiwa juu ya maji. Sauti yangu na ya mto zimelelewa nyumba moja. Programu ilishindwa kuzitenganisha, ikaziondoa zote mbili. Siku ya kuwasilisha mada yangu, darasa zima liliniona kwenye skrini nikifungua na kufunga mdomo kama samaki kapiteni aliyetolewa kwenye mgono. Mkufunzi akanishukuru kwa uwasilishaji mfupi.

Mtu ataniuliza: masomo haya uliyatafuta ya nini? Mimi ni mwalimu wa teknolojia. Mtaala mpya wa darasa la 7 na la 8 ulipokuja na somo la TIC, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, mkuu wa shule alitazama huku na huku, akaniona nimeshika simu, akanipa somo. Kompyuta hakunipa, kwa kuwa hakuwa nazo. Kibodi yetu imechorwa ubaoni kwa chaki, ya Kifaransa, yenye A na Z juu kushoto. Wanafunzi hupanga foleni kubonyeza. Mtoto wa zamu ya usafi akifuta ubao jioni, amefuta na kibodi, na asubuhi naanza kuichora upya. Nikasikia kwamba walimu wa nchi zinazotumia Kifaransa wamekuwa wakipata masta za namna hii kwa mbali miaka mingi, kama ile UTICEF ya Strasbourg iliyowafunza wengi wa Afrika namna ya kutumia teknolojia darasani, na kwamba AUF, shirika la vyuo vikuu vinavyotumia Kifaransa, ilikuwa ikitoa misaada ya ada. Nikaomba, ingawa si Strasbourg. Chuo changu sikitaji; bado nahitaji barua zao.

Umeme nao una mambo yake. Bwawa la mto Tshopo lilijengwa miaka ya 1950, mji ukiitwa bado Stanleyville, nalo lina mashine tatu. Mji umepanuka kila upande, mashine hazikuzaa. Kwa hiyo mtu anakaa kando ya Mto Kongo, ambao duniani unazidiwa wingi wa maji na Amazon peke yake, huku anatembea na waya mkononi akitafuta pa kuchaji. Kibanda cha kuchaji kilichoko njiani kwetu kinaendeshwa na grupu, yaani jenereta ya petroli. Mwenyewe hutoza simu bei moja, na alipoiona kompyuta yangu aliipima kwa macho kwanza, akataja bei ya simu kumi. Nikilalamika, ananiambia mtoto mkubwa hula zaidi. Afadhali hilo kuliko tabia yake ya pili: akichaji, anafungua video za masomo yangu na kuwaonyesha wateja wanaosubiri. Kuna vijana wa pikipiki pale njiani ambao mpaka leo wanaweza kukueleza tofauti ya tathmini ya mwanzo na tathmini ya mwisho.

Na saa! Ulaya huzisogeza mbele saa zao mwishoni mwa Machi na kuzirudisha nyuma mwishoni mwa Oktoba. Kisangani hatuna mchezo huo. Wakati wa joto lao saa zetu ni sawa na za Paris, wakati wa baridi yao sisi tunatangulia kwa saa moja, na Kinshasa, nchi moja nasi, iko nyuma yetu kwa saa moja mwaka mzima. Ratiba ya chuo iliandikwa kana kwamba jua ni mali ya serikali ya kule. Oktoba nilikaa peke yangu darasani saa nzima, mega za intaneti zinayeyuka. Machi nilifika wakati wanaagana.

Mtandao nao ulichagua mahali pake pa kukaa. Nyumbani ulikuwa unachungulia tu. Ulikuwa na nguvu katikati ya mto, juu ya miti ya mitego. Asiyetufahamu ajue kwamba watu wa Wagenia husimamisha miti mikubwa kwenye mashimo ya miamba, katikati ya mkondo, huifunga kwa kamba za msituni, kisha huning'iniza migono mikubwa ya mfano wa faneli ili maji yenyewe yasukume samaki ndani. Asubuhi na jioni wanaume huenda kwa mtumbwi na kupanda kuikagua. Mjomba wangu hupanda miti hiyo akiwa peku, umri ukiwa umekwenda. Usiku wa mwisho wa kuwasilisha kazi ya muhula, faili langu lilikwama asilimia 98. Alfajiri Mjomba akachukua simu, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaining'iniza shingoni, akapanda nayo. Aliporudi alinipa simu kwa mkono mmoja na mbenga mwenye meno kwa mkono wa pili.

"Imekwenda," akasema. "Imeandika asante. Nami nikaijibu."

"Umeijibu nini, Mjomba?"

"Nimeiambia karibu."

Kazi yenyewe ilitaka tueleze kifaa kimoja cha teknolojia kinachotumika katika jamii yetu. Niliandika juu ya hiyo hiyo miti na migono. Nilipewa alama nzuri na swali jekundu pembeni: mtumiaji anapata wapi maelekezo ya matumizi? Nikamsomea Mjomba. Akafikiri. "Mwambie anayaona akishaanguka."

Lakini aliyeisoma masta hii kuliko mimi ni Mama Mdogo. Anapikia nyuma ya dirisha langu, na kwa kuwa mto unapiga kelele, nilizifungua video kwa sauti ya juu kabisa. Pondu ikitwangwa, mwananadharia Piaget anapita. Ndizi za lituma zikipondwa, anapita mwenzake Vygotsky. Huyo wa pili alimpenda. Alisikia kwamba mtoto hufika mbali zaidi akishikwa mkono na anayejua kumzidi, akaweka mchi chini. "Huyu mzee aliwahi kukaa kwetu?" Nikamweleza kwamba alikuwa Mrusi, na hakuwa mzee, alikufa mwaka 1934, ana miaka 37. Alisikitika sana. Jioni alikuwa akimweleza jirani kwamba yule kijana wa Kirusi, Mungu amrehemu, aliona sawasawa, kwa maana hapa Wagenia hakuna aliyehubiriwa namna ya kufunga mti. Unapewa ncha ya kamba, unaambiwa shika. Ukiachia, ukoo wote unajua, na samaki pia.

Tukafika kwenye mtihani. Chuo kilituma programu ya usimamizi yenye masharti: mtahiniwa awe peke yake chumbani, mlango umefungwa, asisikike mtu mwingine, azungushe kamera aonyeshe kuta zote. Walioandika masharti hayo hawana ndugu. Kwetu mtu mzima akijifungia mchana, ama anaumwa, ama anakula peke yake, na la pili ni baya zaidi.

Nilizungusha kamera. Programu ikakataa kufungua mtihani: kuna mtu wa pili chumbani. Nikatazama chini ya kitanda, kwa heshima ya teknolojia. Hakuna. Kumbe ni mchungaji wetu, yuko ukutani kwenye kalenda, anatabasamu. Nikaibandua. Chini yake ilikuwepo kalenda ya mwaka uliotangulia, mchungaji yule yule, mwembamba kidogo. Nikaibandua nayo. Ukuta ukabaki mtupu, programu ikaridhika, na Mama Mdogo, aliyekuwa anachungulia dirishani, akaona nimeondoa watumishi wa Mungu ukutani na kujifungia.

Yaliyofuata yameandikwa vizuri kwenye ripoti ya usimamizi, ninayoihifadhi. Mtu akisali mlangoni. Mtu akiuliza kama mtahiniwa amekula. Kuku, ndani. Mtoto akiomba kuchukua sufuria, kisha akirudi kwa ajili ya mfuniko. Mwanamume mzee akimwambia mtahiniwa kwa sauti kubwa kwamba samaki wake yuko nje na paka yuko karibu. Mtahiniwa akitazama dirishani (paka). Watu humsifu Mandela kwa kumaliza shahada ya sheria mwaka 1989 kwa masomo ya mbali ya chuo cha UNISA akiwa kifungoni, na ni haki kumsifu. Ila nasema kwa unyenyekevu kwamba askari wa magereza hawamruhusu mtu kuingia kutafuta mfuniko.

Niliitwa mbele ya kamati, kwa video. Walisoma ripoti mstari kwa mstari, nyuso kavu. Mwisho mwenyekiti akatoa uamuzi: kwa kuwa haionekani kwamba mtu yeyote kati ya walioingia angeweza kumsaidia mtahiniwa katika maswali ya nadharia za ujifunzaji, matokeo yanakubaliwa. Nikapumua. Nje ya dirisha mchi ukanyamaza.

"Hawakunihesabu mimi?" Mama Mdogo akauliza. "Mimi, na Vygotsky wangu?" Alitaka nikate rufaa.

Shahada ilifika kwa njia ile ile, PDF. Tulikwenda kuichapisha mjini siku wino wa bluu ulipokwisha dukani, kwa hiyo nembo ya chuo ni ya waridi. Ofisi niliyoipelekea iligeuza karatasi, ikatafuta mhuri wa wino, ikaikuna kwa ukucha. Wakaniambia nipeleke hati halisi Kinshasa ikalinganishwe na shahada za nchi. Masta niliyoipata bila kutoka uani sasa inadai safari ya mto ya zaidi ya kilomita 1,700. Kwenye orodha ya mishahara ningali NU, yaani mwalimu mpya asiyeanza kulipwa, nasubiri kama jana.

Kijijini, hata hivyo, nimepanda cheo. Habari zilienea kwamba nina masta ya teknolojia, na mwenye kibanda akaja jioni akisukuma grupu yake kwenye toroli, imegoma. Nikamweleza kwa upole kwamba nimebobea katika kubuni masomo ya kidijitali. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, Mwalimu. Sasa uifungue."

Mjomba alikuwa amekwisha kuinama. Alitoa buji, plagi ya kuwashia, akainusa, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha, akavuta kamba. Grupu ikaunguruma. Alidai kuchajiwa simu bure mwezi mzima, akapewa. Mimi nilishika tochi.