Taa za Rangi na Harara ya Prosesa

Muungwana wa zama hizi, prosesa ya kompyuta yake ya mezani inapopanda joto hadi nyuzi 100, ambapo Core i9-14900K ya Intel hujipunguzia kasi yenyewe ili kuinusuru roho yake, hukimbilia dukani kutafuta kipoza chenye taa za rangi zote, kana kwamba joto huona haya mbele ya mapambo. Haulizi mabomba ya shaba ni mangapi, wala feni yasukuma hewa kiasi gani, ilhali prosesa hiyo, ikielemewa na kazi, hula hadi wati 253, na umeme wote huo hauna budi kugeuka harara inayotaka njia ya kutokea. Kisha kipoza hicho azizi hufungwa hali ile nailoni ya kiwandani ingali imebandikwa chini yake, na kasha likaegemezwa ukutani, matundu yamezibwa na vumbi. Na kwa kuwa hapana feni iwezayo kupoza kitu chini ya joto la hewa iliyomo chumbani, bwana wetu huketi Mombasa mwezi wa Februari, madirisha yamefungwa, akimlaumu fundi. Naye fundi, kwa adabu zake na kwa maslahi yake, humshauri aongeze taa.