Muulize Bibi Makufuli: Popo Aliyelala Bandani

Kiangazi wasomaji wangu wa Uingereza huniuliza mapenzi na mirathi. Ikiingia Novemba, pikipiki za mbio zikirudi majumbani kulala mpaka msimu ufunguke tena, huniuliza makufuli. Silalamiki. Mapenzi nilikwisha kuyachoka, na kufuli likikudanganya angalau unaweza kulirudisha dukani.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana wa Tanga, niko Leicester mwaka wa tisa. Nina Yamaha R6 ya uwanjani tu, haina taa wala kibao cha namba. Naipeleka Donington Park na Mallory Park mara nne au tano kwa mwaka, siku nyingine zote iko kwenye banda la gari nyuma ya nyumba. Watu wa bima ya pikipiki wameniambia hiyo si ya barabarani. Watu wa bima ya nyumba wameniambia hiyo si samani. Sasa Bibi, mimi nina nini? — Nimekwama, Leicester*

Marahaba mwanangu. Una popo. Ndege wamemkataa kwa sababu ana meno, wanyama wamemkataa kwa sababu ana mbawa, na mwizi peke yake ndiye aliyemkubali alivyo.

Chukua mkataba wako wa bima ya nyumba usome pale penye maandishi ya sisimizi. Kwa kawaida utakuta vyombo vyote vyenye injini vimetolewa nje, halafu vichache vimerudishwa kwa huruma: mashine ya kukatia nyasi, kigari cha mgonjwa. Yaani mwizi akibeba kikata nyasi unalipwa, akibeba R6 unapewa pole. Usigombane nao. Hawakukuficha, ni wewe hukusoma.

Unachokitaka kipo, ila hakiuzwi kwenye zile tovuti za kulinganisha bei ambazo swali lao la kwanza ni namba ya chombo. Tafuta dalali wa bima anayehudumia watu wa mbio, mpigie simu, useme kwa maneno haya: pikipiki ya uwanjani, wizi na moto, ikiwa imehifadhiwa nyumbani. Hiyo ni bima ya kitu kilicholala. Ukianguka kwenye kona ukavunja ganda na usukani, hiyo ni shughuli yako na mfuko wako.

Unaniuliza pia, ukurasa wa pili wa barua yako ndefu, kama serikali itakudai bima ya barabarani. Inategemea. Yamaha iliacha kuiuza R6 ya barabarani Ulaya baada ya 2020, ikabakiza ya uwanjani. Kama yako ni ya kundi hilo, haikupata kusajiliwa na hakuna wa kukuuliza. Kama ilikuwa ya barabarani ukaivua taa, basi bado ina jina DVLA, yaani mamlaka ya usajili wa vyombo, na tangu 2011 chombo kilichosajiliwa sharti kiwe na bima hata kikikaa tu, isipokuwa umetangaza kwamba hakipo barabarani. Tangazo hilo ndilo SORN. Ni bure. Fanya leo jioni kabla ya chakula.

Kuna wakati hata hilo lisingekutosha. Mwaka 2007 huko Slovenia, bwana mmoja aitwaye Vnuk alikuwa juu ya ngazi wakipandisha marobota ya majani ghalani, trekta ikarudi nyuma, tela likagonga ngazi, akaanguka. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Haki ya Ulaya, na mwaka 2014 majaji wakaamua kwamba bima ya lazima inagusa matumizi yoyote ya kawaida ya chombo, hata kwenye ua wa mtu binafsi. Ngazi ya bwana mmoja ikatikisa viwanja vyote vya mbio, maana kila pikipiki ya uwanjani ingetakiwa bima kama ya barabarani, na bei yake ingewafukuza watu. Uingereza ikaifuta hukumu hiyo kwenye sheria zake mwaka 2022. Kwa hiyo leo hulazimishwi. Lakini kutolazimishwa na kulindwa ni vitu viwili, na wewe umeniandikia kuhusu kulindwa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo vijana wengi wanapopotelea. Bima hii hainunuliwi kwa pesa tu. Inanunuliwa kwa majibu. Watakuuliza: banda limejengwa kwa tofali au mbao? Liko umbali gani kutoka nyumba unayolala? Mlango una kufuli ngapi? Pikipiki imefungwa na nini, na hicho kimefungwa wapi? Kila jibu utakalotoa litageuka sharti siku ya madai. Ukisema mnyororo unafungwa kila usiku, wameandika *kila usiku*, hawakuandika usiku ambao hukuchoka.

Mnyororo wenyewe usiununue kwa unene wa macho. Hapa Uingereza wanaangalia alama ya Sold Secure, ambayo ina madaraja ya shaba, fedha, dhahabu na almasi, na dalali atakwambia anataka daraja gani. Upitishe kwenye fremu. Usiufunge kwenye gurudumu peke yake, maana pikipiki ya mbio imeundwa magurudumu yake yatoke upesi. Mwizi atakuachia gurudumu moja na mnyororo mzuri wa kulilinda. Usiuache ukagusa sakafu, kwani sakafu ndiyo fuawe ya mwenye nyundo. Na ufungwe kwenye pete ya chuma iliyozamishwa kwenye zege. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na baiskeli ya Kihindi kule Tanga, akainunulia kufuli la kutoka Ulaya ambalo mtaa mzima walikuja kulitazama. Akaifunga kwenye mpapai. Asubuhi tukakuta mpapai umelala chini, mapapai mabichi yametapakaa uani, baiskeli imeondoka na kufuli lake.

Msumeno wa umeme unakata karibu kila kitu ukipewa muda na kelele. Kazi ya mnyororo ni kumuuzia mwizi muda kwa bei ghali, na wewe kazi yako ni kuisikia ile kelele.

Kuhusu kile kifaa cha kufuatilia ulichofunga chini ya kiti: kinakula betri ya pikipiki. Wewe mwenyewe umeandika kwamba kila Desemba unaitoa betri kwenda kuichaji ndani. Basi kuanzia Desemba una kifaa maiti, na kama ulikitaja kwenye fomu, una pia jibu la uongo.

Tena, soma pale panaposema wizi lazima uwe wa kuvunja na kuingia kwa nguvu. Ukiacha mlango wa banda wazi ukaenda kujibu simu, aliyeingia kwa macho ya mkataba ni mgeni. Na ile pikipiki unayoipakia kwenye gari usiku wa kuamkia Donington ili uondoke alfajiri? Kwa mikataba mingi hiyo haipo tena "nyumbani", ipo garini, na gari lina masharti yake. Uliza. Lala dakika ishirini pungufu, upakie alfajiri.

La mwisho ni thamani. R6 yako ina springi za Öhlins na ekzosi ya Akrapovič, na ulivyonunua bado unavikumbuka kwa uchungu. Bima haina uchungu huo. Vitaje kimoja kimoja, weka risiti, piga picha namba ya fremu na ya injini. Waulize kama watalipa thamani mliyokubaliana mwanzoni au bei ya soko siku ya wizi. Kwa sheria ya 2012 ya bima za watu binafsi, ukikosea jibu kwa uzembe, na wao wangekulipisha zaidi kama wangeujua ukweli, wanaweza kukupunguzia fidia kwa kadiri ile ile: ulilipa robo tatu ya ada iliyostahili, unapata robo tatu. Ukidanganya kwa makusudi hupati kitu, na ada yako wanaweza kubaki nayo. Wakikukatalia bila haki, walalamikie wenyewe kwanza. Wiki nane zikipita bila jibu la mwisho, au wakikujibu ukakataa jibu lao, nenda kwa msuluhishi wa huduma za fedha, hatozi kitu. Ila baada ya jibu lao la mwisho una miezi sita tu.

*Bibi, mume wangu amesoma kwamba pikipiki iwe "ndani ya jengo lililofungwa", basi kaileta sebuleni. Iko kati ya kochi na televisheni. Wageni wakija anaitambulisha. Nifanyeje? — Mke wa Pili, Milton Keynes*

Pole mama. Kwa upande wa wizi mumeo hana kosa, wapo wa bima wanaoikubali pikipiki ndani ya nyumba, na mwizi atakayeipitisha sebuleni kwenu usiku atastahili kikombe cha chai. Tatizo ni petroli. Tangi liwe tupu, na bima ya nyumba waambiwe kuna nini sebuleni, maana wakija kuyajua hayo baada ya moto, samani zako zote zitakuwa mashahidi dhidi yako. Kama mmepanga, soma pia mkataba wa mwenye nyumba. Kuhusu kutambulishwa kwa wageni, angalia tu nani anatajwa kwanza.

*Habari Bibi. Niko karibu na Nairobi, nina KTM ya motokrosi, haina namba, inalala SQ, kile chumba cha mfanyakazi. Wakala ameniambia "iko kava" kwenye bima yangu ya nyumba. Niamini? — Vumbi Tupu, Ruiru*

Salama mwanangu. "Iko kava" si kifungu cha mkataba. Bima za nyumba Kenya kwa kawaida zina sehemu ya vitu vya ndani na sehemu ya vitu vya thamani vinavyotajwa kwa jina, na vyombo vya moto huwa vimetolewa kwenye vitu vya ndani kama ilivyo Uingereza. Ile sheria ya Cap 405 inayowafanya polisi wakusimamishe Thika Road ni ya madhara kwa wengine barabarani, haina habari na mtu aliyeruka ukuta wako. Mwambie wakala aandike KTM, namba ya fremu, thamani, na neno wizi, kwenye karatasi yenye mhuri wa kampuni yenyewe. Akianza kukuita "boss" badala ya kuandika, tafuta wakala mwingine.

Na uache kubandika picha. Nimeona ukurasa wako: pikipiki, geti, namba ya nyumba, na maneno "tunaenda Naivasha mpaka Jumapili". Mwizi gani atakosa kukushukuru?

*Bibi, kwa mfano tu, kama binamu yangu "angeiba" pikipiki yangu ambayo siitaki tena... — Kwa Mfano, London*

Kwa mfano tu: jela. Na binamu atakutaja kabla ya chai ya saa nne.

Nimemaliza karatasi. Barua za juma lijalo zinifikie kabla ya Ijumaa, na tafadhali msinitumie picha za funguo zenu, kwani mwezi uliopita nilipata tatu na anwani nyuma. Wewe wa Leicester, ukishaizamisha ile pete kwenye zege usiwe na haraka ya kufunga mnyororo. Zege huhesabiwa siku 28 ndipo lifikie nguvu yake.