Leta Bili ya Umeme
Ukitaka kujua kwamba hapa duniani huna makazi, nenda kafungue akaunti ya benki katika nchi usiyoishi. Pasipoti unayo, hela unayo, tabasamu unalo. Karani wa London anakutazama kwa upole: tunaomba uthibitisho wa anwani, bili ya umeme isiyozidi miezi mitatu.

Bili! Sisi watu wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, tuitoe wapi? Umeme wetu huja kwa meseji, tarakimu 20, zikishaingia kwenye mita basi. Na anwani ni Mbagala: ukishuka daladala ulizia duka la Mangi, geti la bluu. Ukimtajia karani sanduku la posta, anakujibu kwamba hakuna mtu anayelala ndani ya sanduku. Haya, kapange chumba hukohuko London upate hiyo bili. Mwenye nyumba naye anakuuliza, una akaunti ya benki?

Tunaambiwa yote haya ni kuzuia fedha haramu. Vizuri sana. Ila mwaka 2008 waziri mmoja wa Tanzania alijiuzulu baada ya magazeti kuandika kwamba ana zaidi ya dola milioni moja kisiwani Jersey, naye akasema hivyo ni vijisenti tu. Inaelekea namba zake za LUKU watu wa benki walizisoma bila miwani. Wewe mwenye pauni mia tatu za karo ya mtoto ndiye unayeulizwa, kwa upole uleule, umezipata wapi.