Ngoma ya Sultani Chui

Hapo kale, huko Kabambare, mto Luama unakoshuka kuufuata Lualaba, alitawala Sultani Chui, ambaye amri zake zilipigwa kwenye ngoma ya gogo na Kobe mkongwe. Gogo lile lilikuwa na kingo mbili, moja ya sauti ya juu na moja ya chini, wala halikuwa na kingine cha kusemea. Na kwa kuwa maneno mengi hupanda na kushuka kwa namna moja, Kobe hakulitaja neno likiwa peke yake: mwezi ulikuwa mwezi unaoitazama nchi kutoka juu, kuku alikuwa kuku mdogo mwenye kelele za uani. Ndivyo walivyopiga Wakele, chini zaidi kwenye maji hayohayo, kama alivyoeleza John Carrington wa Yakusu katika kitabu chake cha mwaka 1949. Nami sijaona somo la mantiki lililo wazi kuliko hilo.

Sultani akachoshwa na urefu. Kasuku, mshauri aliyeyajua maneno yote pasipo kujua yasema nini, akamnong'oneza kwamba maana imo ndani ya neno kama kiini ndani ya kokwa la mchikichi, na mengine ni mapambo. Ikatoka amri: neno moja, basi.

"Bwana mkubwa, nitapiga," akasema Kobe, "ila msikiaji hatakuwa na pa kushika." Akatozwa faini.

Jioni Sultani akataka raia waje na kodi mwezi ukichomoza. Kobe akapiga mapigo mawili ya juu. Kanu, aliyelala njaa tangu juzi, akasikia kuku. Fungo na Nguchiro vilevile, wakagombea langoni kitoweo kisichokuwapo. Swala peke yake alisikia mwezi, akaja na mihogo yake ya kodi, wakampora kwa jina la Sultani.

Chui akalaumu masikio. Akaamuru kwamba maana ya mapigo ni ile aliyoikusudia yeye, na atakayesikia vingine alipe mbuzi. Na kwa kuwa hakuna awezaye kuchungulia kifuani mwa Sultani, vijiji vikaishiwa mbuzi kabla mvua hazijarudi. Wazee wakaomba wafafanuliwe. Kasuku akatumwa nyumba kwa nyumba.

Akatua kwa Nungunungu, akatunisha kifua, akapiga mluzi: juu, juu. Nungunungu akangoja yaliyosalia. Kasuku akarudia, kwa nguvu zaidi.

"Kuku wa nani?" akauliza Nungunungu, na Kasuku akamwandikia mbuzi.