Dodoma Karibu, Bunju Mbali

Hongera kwetu: tangu Julai 2024 treni ya umeme inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa, na kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma sasa ni safari ya saa nne hivi. Kilichobaki mbali ni stesheni yenyewe. Mafuriko ya masika yakishafunga barabara ya bonde la Jangwani, mtu wa Bunju, pembezoni mwa jiji, hugundua kuwa safari ndefu ni ile ya kuifuata treni.

Mtaalamu atajibu kwamba reli ya taifa hujengwa kwa mizigo na masafa, si kwa kushindana na daladala. Ni kweli, nchi kubwa hivi haiunganishwi kwa bajaji. Ila reli ya TAZARA inapita Temeke tangu miaka ya 1970, na mwaka 2012 treni za mjini zilianza kubeba watu juu ya reli zilezile kuukuu. Basi ugumu si reli. Wala si hali ya hewa: Kilosa, mafuriko yalikoisomba reli ya kati mwaka 2009/10, tumetoboa milima tukapitisha reli mpya. Jangwani hakuna hata mlima wa kutoboa. Kwa sasa, abiria wa Bunju mwenye tiketi ya alfajiri anashauriwa aondoke nyumbani jana yake.